Miaka Kumi na Moja Nikimsainia Mwalimu

Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Mchana mvua ya mawe imepiga kama nusu saa hivi, sasa inanyesha ile ya kawaida, ile ambayo sisi watu wa Kericho hata hatuihesabu kuwa mvua. Nimejifungia kwenye stoo ya vifaa vya michezo. Nimekalia gunia la mipira, viatu nimevua, na nje uwanja wetu umekuwa bwawa.

Nimechoka. Wacha niseme hilo kwanza, halafu nieleze.

Kwa yule anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu katika chuo kimoja nje kidogo ya mji. Mwaka wa kumi na moja huu. Wasichana wananiita Madam, na jina langu ni Akinyi, ingawa hapa chuoni ni wachache wanaolikumbuka. Jumanne nilikuwa na mahojiano ya kazi ya kocha mkuu. Leo asubuhi nimepewa barua ya majibu. Kazi sikuipata.

Sikushangaa, na hicho ndicho kimeniuma.

Kazi ya msaidizi watu hudhani ni kubeba chupa za maji. Chupa pia nabeba, lakini kwanza saa kumi na mbili na robo asubuhi niko uwanjani nakokota maji kwa mpira wa kudekia, maana uwanja ni saruji tupu, hauna paa, na mvua ya jana huwa bado imelala pale. Mazoezi lazima yawe asubuhi, kwa kuwa ikishafika saa nane mchana mvua ya hapa haina adabu. Mpira ukitoka nje unaingia kwenye michai, na msichana anayeufuata anarudi amelowa mpaka kiunoni. Vidole vilivyoteguka nafunga mimi. Aliyeachwa na mchumba anakuja kulia kwangu. Mipango ya ulinzi, nani aanze, nani apumzike, nani amkabe yule mrefu wa wapinzani, yote naandika kwenye daftari langu, halafu nampelekea Mwalimu.

Mwalimu ndiye alikuwa kocha mkuu. Amepata kazi nyingine Nakuru, ameondoka mwezi huu. Sitaki mtu aseme namsengenya. Ni mtu mzuri, mcheshi, hajawahi kunitolea sauti. Lakini kuna jambo kati yangu na yeye ambalo sijawahi kuliandika mahali, na leo nitaliandika.

Kila mechi ina fomu. Kabla mpira haujaanza, kocha anathibitisha majina ya wachezaji, anaonyesha watano watakaoanza, anaweka sahihi. Msimu wangu wa kwanza hapa, mke wa Mwalimu aliugua vibaya na kila Jumamosi alikuwa anampeleka hospitali. Mechi zetu ni Jumamosi. Mkuu wa chuo wa wakati ule alikuwa mkali kama nini; kocha akikosa mechi mbili, anarudishwa darasani na ukocha anapewa mwingine. Mwalimu akaja kwangu, macho mekundu, akaniomba nimsainie tu, asije akapoteza na hicho pia. Nikamsainia. Sahihi yake ni rahisi, L kubwa ya jina lake na mkia mrefu. Siku ya kwanza niliiandika polepole. Kufikia siku ya tatu nilikuwa naiandika vizuri kuliko yeye.

Sikuona ubaya, na hata leo, nikikumbuka mwaka ule, siuoni. Mimi nimezaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Baba alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, mama akawa mchumaji. Kule kwa laini, mwanamke akijifungua au akiugua, wenzake walichuma chai na kuipimisha kwa namba yake, ili namba isifutwe na mtu asipoteze nafasi. Mama alimchumia jirani yetu hivyo, tena yeye mwenyewe akiwa na mgongo mbaya. Hakuna aliyeita ule uongo. Kwa hivyo Mwalimu aliponiomba, kwangu ilikuwa ni kumchumia mwenzangu namba, basi.

Lakini yule jirani, mtoto wake mchanga alipofika miezi mitatu, alirudi shambani akachuma mwenyewe.

Mke wa Mwalimu alipona, Mungu asifiwe. Nikangoja Mwalimu arudi Jumamosi. Akaja mbili tatu, kisha kukawa na ng'ombe wa kuangaliwa kule nyumbani kwake Kipkelion, kisha nyumba ya kujengwa, kisha harambee ya kanisa. Mwanzoni alikuwa ananipigia simu na kuomba radhi. Baadaye akawa anatuma ujumbe wa maneno mawili tu, "Kama kawaida." Miaka ya mwisho hata ujumbe haukuja. Marefa walijua, wasichana walijua, nadhani hata mbwa wa mlinzi alijua. Mwaka jana kwenye fainali niliwabadilisha wasichana katikati ya robo ya tatu, nikawaambia waache kukimbizana na mtu mmoja mmoja, kila mmoja alinde eneo lake. Tukashinda kwa pointi mbili. Mwalimu akafika tukikabidhiwa kikombe, buti bado zina matope ya zizi, akasimama katikati ya timu. Picha ile iko ukutani kwa ofisi ya Mkuu. Mimi simo. Mimi ndiye niliyeipiga.

Sasa nije kwa barua.

Nafasi ilipotangazwa, walitaka kila mwombaji alete barua ya mtu anayemfahamu kikazi. Nikamwendea Mwalimu. Akafurahi sana, akanishika mabega, akasema hakuna mwingine anayestahili. Halafu akasema, "Wewe andika, Madam, unanijua vile ninavyoongea. Mimi nitaweka sahihi."

Nikaenda nyumbani, nikakaa mezani na karatasi. Jamani, kujiandikia sifa! Kila nilipoandika kwamba naweza kuongoza timu nilifuta, nikijiona kama mtu anayejipigia debe sokoni. Nikisema nimebuni mpango fulani, naona kama namvua Mwalimu nguo. Mwishowe nikaandika yale niliyodhani ni mazuri na ya heshima. Kwamba mimi ni mwaminifu. Kwamba sina makuu. Kwamba nafuata maagizo ya kocha mkuu kwa bidii na sifanyi jambo bila kuelekezwa. Niliandika kwa Kiingereza cha ofisi, na kwa Kiingereza ilisikika vizuri hata zaidi. Mwalimu akasaini bila kusoma. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Mkuu wetu wa sasa ni mama, amekuja mwaka jana, mtu wa haki na mwenye kusoma kila karatasi. Jumanne alikuwa ameketi na wengine wawili, picha ya kikombe iko nyuma ya kichwa chake. Akaisoma ile barua kwa sauti. Alipofika kwenye "hafanyi jambo bila kuelekezwa" akatua kidogo, akanitazama juu ya miwani. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwa mdomo wa mtu mwingine na nikatamani ardhi inimeze. Nani humpa ukocha mtu kama huyo? Hata mimi nisingempa.

Halafu akafungua faili. Nakala za fomu zote, miaka kumi na moja, zimepangwa vizuri. Nilizipanga mimi.

Akasema, "Nimeziangalia zote, Madam. Mwalimu hakukosa mechi hata moja. Je, kuna siku umeongoza timu bila yeye?"

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa mbele yake mezani, ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wangu. Ningeweza kusema, sahihi hizo zote ni zangu. Nikawaza, Mwalimu ameanza kazi mpya juzi tu, nikisema hapa itamfikia kule. Nikawaza, na mimi je, mtu wa kughushi sahihi, si nitafukuzwa hata huo usaidizi? Yote mawili yalikuwa kweli.

Nikasema, "Nimesaidia tu."

Wakaandika kitu. Wakanishukuru. Nje nilikuta katibu ananitabasamia, nikamtabasamia pia, nikashuka ngazi.

Leo ndiyo barua imekuja. Wamempa kijana fulani wa miaka ishirini na tisa, amecheza ligi, ana vyeti. Sina neno naye. Barua yangu inasema wanathamini mchango wangu na wanatumaini nitaendelea na moyo ule ule wa kusaidia. Niliisoma nimesimama kwenye korido, nikaikunja, nikaitia kwa mfuko wa trakisuti pamoja na filimbi.

Saa nne Mwalimu alinipigia. Alikuwa amesikia. Akanipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, namjua. Akasema haelewi kabisa, "na nilikuwa nimekuandikia vizuri sana."

Nikamwambia, "Barua niliandika mimi, Mwalimu."

Akacheka ile cheko yake ya tumbo, akasema kweli, alikuwa amesahau kabisa. Nikacheka pia. Yaani tulicheka wote wawili. Akasema kongoi, asante kwa yote, akakata. Nilibaki nimeshika simu, nikajiuliza nini kilikuwa kinachekesha.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa siku. Ningefundisha kipindi changu, ningeenda nyumbani, ningelala mapema. Lakini saa saba Chebet akaja stoo kurudisha mipira. Chebet ni kapteni wetu, mzaliwa wa Ndanai, mwaka wa tatu, si msichana wa maneno mengi. Ukimpa maelekezo anaitikia kwa nyusi. Alikuwa ameshapata habari, maana chuo hiki hakina siri. Akapanga mipira yote kwenye gunia mmoja baada ya mwingine, polepole, nikajua kuna jambo.

Akaniuliza kama Jumanne niliwaambia kuhusu fomu. Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini. Nikaanza kumweleza mambo ya heshima, ya Mwalimu na mke wake, ya kazi mpya ya Nakuru, nikaona hata mimi mwenyewe sijiamini.

Akasema, "Madam, mimi nikimaliza hapa nataka kuwa kocha. Kila kitu nimejifunza kwako. Na hii ya kunyamaza pia nijifunze?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza vile mtu anauliza swali la mtihani, anataka jibu. Nikamwambia aende asikose chakula cha mchana. Ndicho nilichoweza kusema, mtu mzima mzima, mwalimu wa watu.

Alipoondoka mawe yakaanza kuanguka. Juu ya mabati haya huwezi hata kusikia mawazo yako, lakini mimi yangu niliyasikia, na nitayaandika kwa sababu hapa hakuna wa kumdanganya.

Si heshima peke yake. Si Mwalimu peke yake. Kuna Jumamosi nyingi ambazo tulishindwa. Kuna mwaka tulifungwa na kila mtu, hata wale walioanza timu juzi. Na kila tuliposhindwa, sahihi kwenye fomu ilikuwa ya Mwalimu. Wazazi walipolalamika walilalamika juu yake. Mkuu alipouliza maswali alimwita yeye. Mimi nilikaa pembeni na chupa zangu za maji, nikasikitika kama mtu wa msibani asiye wa ukoo. Nilijificha nyuma ya ile L yenye mkia miaka yote hiyo, na kulikuwa na joto huko nyuma. Nikisema ushindi ni wangu, basi na vipigo vile vyote ni vyangu. Jumanne pale mezani, hilo pia nililijua. Nadhani ndilo lililonifunga mdomo kuliko yote.

Haya. Nimeliandika.

Nilikuwa bado natazama sakafu simu ilipolia, namba nisiyoijua. Alikuwa kocha mpya. Sauti ya kijana, heshima tele, akanisalimu kwa lugha ya huku, "Chamgei, Madam," ingawa kwa lafudhi yake hata yeye si wa huku. Akajitambulisha, akasema amesikia sifa zangu, anangoja kwa hamu kufanya kazi na mimi. Nikamkaribisha. Akauliza kuhusu mechi ya kesho. Kesho tuna wageni kutoka Bomet, timu ngumu, na wana msichana mmoja mrefu ambaye msimu uliopita alitufanya tuonekane watoto wa chekechea. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana. Nikaanza kumpenda.

Halafu akasema kesho hataweza kufika, bado anafunga mizigo, na kwenye karatasi kazi yake inaanza kesho hiyo hiyo, asingependa ianze kwa kukosa. Akasema Mwalimu amemtoa wasiwasi, amemwambia fomu huwa nashughulikia mimi. Niweke tu jina lake na sahihi yoyote, hata yeye hana sahihi maalum.

Akaniuliza kama mtandao umepotea.

Nilimwona wazi, jamani. Kijana mzuri, hana nia mbaya hata kidogo, na kesho kutwa atakuwa na ng'ombe wa kuangaliwa. Nikajiona na mimi, miaka mingine kumi na moja, magoti yameisha, najifunza mkia wa herufi nyingine.

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Kesho kocha ni mimi. Nitaandika jina langu."

Sikupandisha sauti. Hata nilishangaa ilivyotoka kama kitu cha kawaida. Akakohoa kidogo. Akasema sawa, hakuna shida, hakutaka kunikosea, Mwalimu ndiye alisema. Nikamwambia najua. Kisha, kwa sauti ya chini, ya mtu anayehofia mwanzo wa kazi yake, akauliza, "Na tukipoteza, Madam?"

"Basi nitakuwa nimepoteza mimi."

Akanitakia kila la heri. Nadhani alimaanisha.

Kwa hivyo niko hapa kwenye gunia, na miguu imekufa ganzi. Sijafanya ushujaa wowote. Kazi bado ni ya kijana yule, mimi bado ni msaidizi, na zile fomu za zamani bado zimelala kwenye faili zikisema uongo. Jumatatu nitapanda zile ngazi nimwambie Mkuu ni mkono wa nani. Nimempigia Mwalimu kumjulisha kabla, ili asisikie kwa watu. Hakucheka safari hii. Alisema, "Ungeiacha tu hiyo, Akinyi," na baada ya miaka kumi na moja ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiniita jina langu. Nikamwambia siwezi. Huenda Jumatatu nikapoteza hata huu usaidizi. Naogopa, sitaki kudanganya. Nina watu wanaonitegemea na sina kazi nyingine mkononi.

Kesho pia naogopa. Yule msichana mrefu wa Bomet hatanihurumia kwa sababu nimekuwa mkweli. Wasichana wangu wawili wana homa, uwanja lazima ukokotwe maji kuanzia saa kumi na mbili, na mikono ni hii hii. Nimepanga Chebet amkabe, na Chebet ni mfupi kwake kwa kichwa kizima. Itakuwa siku ndefu.

Nimetoa fomu tupu kwenye faili ili nijaze majina mapema. Nimefika kwenye nafasi ya kocha, kalamu ikaanza L yenyewe. Nimeikata. Nikageuza daftari nyuma, nikajaribu sahihi yangu mwenyewe, nikagundua sina. Ya benki ni jina tu nililoandika haraka. Ya kwanza imetoka ndogo mno. Ya pili imejikunja. Ya tatu nimeifuta, sijui hata kwa nini.

Ya nne imekaa vizuri. Nimeiandika kwenye fomu, na mvua bado inanyesha.